Lenzi za Dastan

Kwa miaka mingi Dastan wa Nyaishozi alipiga picha kwa kamera moja tu, ya aina ambayo lenzi yake haitoki. Aliipenda kama mtu anavyolipenda jembe lake, bila kulisifu. Ilivuta karibu, ilivuta mbali, na katika harusi zote alizopiga Karagwe na Kyerwa hakuna aliyerudi kulalamika. Ila watu hawana shukrani. Rwezaura wa Kihanga alipoanza kutembea na begi la lenzi, akichomoa hii na kuchomeka ile mbele za watu, maharusi wote wakamkimbilia yeye. "Yako ya kitoto," jamaa mmoja alimwambia Dastan huku akicheka, na neno hilo likamkaa kooni.

Akaenda Kayanga, dukani kwa Nadhira, mwanamke ambaye babu yake alitoka pwani na biashara yake ikabaki huku juu. Nadhira akamwekea kamera mbili mezani.

"Hii ni ndugu ya ile yako," alisema. "Lenzi haitoki, vumbi haliingii, chumbani unapiga na mlimani unapiga. Hii nyingine picha zake ni safi zaidi, sikufichi. Lakini lazima uwe na lenzi ya karibu na ya mbali, uwe unabadilisha. Sasa niambie, hizo harusi zitakusubiri ubadilishe?"

"Nitafanya haraka."

"Usiache mbachao kwa msala upitao, kaka Dastan."

Dastan alicheka. Alikwisha chagua kabla hajaingia; dukani alikuja kutafuta wa kumuunga mkono tu. Akamwachia Nadhira kamera ya zamani iwe sehemu ya malipo, akaondoka na ile ya lenzi mbili.

Harusi yake ya kwanza nayo ilikuwa Bugomora, ya Deodatha binti Apolinary. Mzee Apolinary alikuwa mgonjwa, hajatoka kitandani tangu kahawa ichanue. Lakini kwao binti haondoki nyumbani kabla hajapakatwa na baba yake na kubarikiwa. Mzee akasema wamnyanyue, wamkalishe kitini, mwili upende usipende.

"Picha nyingine piga utakavyo," Deodatha alimwambia Dastan asubuhi. "Ya kupakatwa na tata, baba yangu, ndiyo ninayoitaka."

"Usiwe na wasiwasi, dada."

Dastan alikuwa migombani na lenzi ya mbali, akiwapiga wageni wa bwana harusi wakipanda njia, alipoitwa ndani mbiombio. Mzee alikwisha kalishwa, ndugu wamemshika mabega. Sebule ilikuwa ndogo na imejaa watu. Dastan akachungulia kwenye kamera, akaona mapaja tu yaliyofunikwa shuka, na juu yake mikono miwili iliyofunguliwa. Akabonyeza. Akarudi nyuma, mgongo ukagonga ukuta. Basi akachomoa lenzi.

Jamani, vidole! Akageuza kulia, kumbe ni kushoto. Kifuniko cha lenzi kikaangukia majani yaliyotandikwa sakafuni, akainama kukitafuta. Akasikia sauti nyembamba ya mzee ikibariki kwa Kinyambo, kisha vigelegele. Lenzi ya karibu ilipokaa sawa, Deodatha alikuwa amesimama analia, na baba yake anabebwa kurudishwa chumbani.

"Mama," Dastan alimnong'oneza Kokwijuka, dada wa mzee, "hawezi kumpakata tena, kidogo tu?"

Kokwijuka alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Binti hupakatwa mara moja. Anayerudi mapajani kwa baba ni aliyeachika. Unamtakia nini mtoto wetu?"

Dastan akanywea. Picha nyingine zilitoka safi ajabu, watu wakazisifu, na kila sifa ilimchoma. Deodatha alipopiga simu kuulizia ile moja, alimjibu kwamba bado anaisafisha. Aliona aibu, na aibu humfanya mtu mzima aseme uongo wa kitoto. Akilala anaiona kamera yake ya zamani pale kwenye rafu ya Nadhira.

Kisha mzee akafa. Matanga yalipokwisha, Deodatha alifunga safari hadi Nyaishozi. Alikaribishwa kiti, hakuketi.

"Nipe tata wangu."

Dastan akamweleza yote, lenzi, kifuniko, na ule uongo, bila kumtazama usoni. Alingoja matusi. Deodatha hakutukana, afadhali angetukana. Alivuta kompyuta, akapekua mwenyewe picha moja moja mpaka akaifikia ile ya kwanza ya sebuleni: shuka, mapaja, mikono miwili iliyofunguliwa. Akaigusa kwa kidole.

"Nisafishie hii."

"Dada, hiyo haina hata uso."

"Hii hii," alisema Deodatha. "Hapa alikuwa ananingoja."