Siku Nilipompaka Mama Mdogo Rangi ya Macho

Mama mdogo alikuwa ameshapita umri ule ambao watu wa kwetu humuuliza mtu ataolewa lini. Walishachoka kuuliza. Alilima alizeti zake kijijini Sepuka, akafuga mbuzi, akamtunza bibi, na kila alipokuja kwetu Singida mjini alichagua kiti cha pembeni, jicho lake la kushoto likielekea ukutani. Jicho hilo lilikuwa na ukungu mweupe. Akiwa mtoto, wakati wa mavuno, bua la mtama lilimchoma, na tangu siku hiyo halikuona tena.

Kisha akaja mchumba kutoka Itigi, fundi seremala aliyefiwa na mkewe. Mtu mpole, mwenye kucheka taratibu. Mahari yakazungumzwa yakaisha, sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ikapangwa ifanyike kwetu mjini. Mama mdogo akanipigia simu saluni ninakofanya kazi ya kupamba maharusi.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Nataka macho yale makali. Yale unayowapaka wasichana, meusi, yanafifia kama moshi."

"Yote mawili?" Neno lilinitoka kabla sijalipima.

"Kwani nina mangapi?"

Tukacheka wote wawili, lakini mchana ule mikono yangu ilifanya kazi huku akili ikiwa Sepuka.

Brashi zangu zilikuwa zimechoka. Zilishapita kwenye nyuso nyingi, nyingine zikawa ngumu kama mswaki wa zamani. Kwa kope zile sikutaka kutumia kitu kigumu. Mama mdogo alipofika mjini nilimchukua tukaenda kwenye maduka ya vipodozi karibu na soko. Upepo wetu wa Singida ulikuwa umeamka, unazungusha vumbi na mifuko barabarani, naye akaishika kanga yake chini ya kidevu.

Muuzaji, dada mmoja mchangamfu, alitutandazia seti nzima kwenye mkoba unaometameta.

"Hizi nywele za mbuzi halisi," alisema.

Mama mdogo akaigusa moja kwa kidole. "Mbuzi wa wapi huyu anayeng'aa hivi?"

Dada akaangua kicheko, akainama chini ya meza na kutoa nyingine zisizo na mkoba wala mng'aro. Nikaanza kuzikagua kama nilivyozoea. Nilivuta nywele kidogo, nione kama zitabaki vidoleni. Nilizikandamiza kiganjani na kuziachia, nione kama zitarudi zilivyokuwa. Nilishika shingo ya chuma na kuitikisa, maana ikicheza hata kidogo, gundi haitafika mbali. Mwisho nilijipitishia chini ya sikio, sio mkononi, kwa sababu mkono umezoea shida na hausemi ukweli. Nikachagua moja bapa ya kulaza rangi, nyembamba ya wanja, kisha nikasita kwenye zile za mviringo zenye nywele nyingi, za kufifisha kingo.

Nilipogeuka nimuulize, mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na brashi moja ya mviringo. Kanga ilikuwa imemwangukia mabegani. Alikuwa amefumba macho, anaipitisha brashi juu ya kope la jicho lake la kushoto, polepole, kwenda na kurudi. Maisha yangu yote nilikuwa nimemwona akiligusa jicho lile kwa kufuta machozi tu.

"Chukua hii," alisema bila kufumbua. "Inapita kama haipo."

Tuliporudi aliomba tupitie ziwani. Tukakaa juu ya jiwe kando ya Singidani. Jua lilikuwa linashuka, heroe wamesimama mbali kwenye maji, ukanda mrefu wa waridi unaotikisika, na sikuweza kusema ndege wanaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Waridi ikawa zambarau, zambarau ikawa kijivu, ng'ambo kukawa na weusi tu. Mama mdogo alikuwa amegeuza kichwa ili jicho lake zima lione kote.

"Unaweza kuipaka hiyo?" aliniuliza.

"Ipi?"

"Yote. Inavyokwenda."

Nikamwambia nitajaribu.

Siku ya sendofu nilimkalisha chumbani kwa mama, karibu na dirisha. Upepo ulikuwa unapuliza pazia jepesi, na mwanga ukawa unapanda na kushuka juu ya uso wake kama pumzi ya mtu aliyelala. Jicho la kulia lilikwenda vizuri. Nilipohamia la kushoto, alishtuka. Hakuwa ameiona brashi ikija. Nikajaribu tena, akashtuka tena, rangi ikaangukia shavuni.

"Samahani mwanangu. Huku ni giza."

"Basi nitakuwa nakwambia kabla," nikasema.

Nikawa namwambia kila kitu. Sasa naweka waridi kwenye kona karibu na pua. Sasa naivuta nje. Sasa zambarau, kwenye mkunjo. Nazungusha, nazungusha. Sasa nyeusi, karibu na kope, usipumue kwa nguvu. Mabega yake yakalegea. Akaanza kuimba chinichini kwa Kinyaturu, wimbo wa kupeta nafaka, na bila kutaka mkono wangu ukafuata mwendo wake. Sikumbuki tulikaa hivyo muda gani. Nakumbuka harufu ya poda na ya pilau kutoka uani, nakumbuka nilivuta wanja hadi mwisho wa jicho kwa pumzi moja.

Nilimpa kioo. Akakishika mbali, akakisogeza karibu. Ule weupe wa jicho, katikati ya weusi na zambarau, ulikuwa umetulia kama mwezi wa mchana. Aliinuka tu, akatoka.

Ukumbini mpiga picha aliita familia. Bibi akaenda kusimama kushoto kwa mwanawe, bega lake limetangulia mbele kidogo. Ndipo nilipoelewa kwamba katika kila picha ya nyumbani bibi husimama pale pale, na kwamba lilikuwa jambo la makusudi.

Mama mdogo akamshika mkono. "Mama, leo njoo huku kulia."

"Kule nani atasimama?"

"Paache wazi."

Bibi akamtazama usoni, jicho hili na jicho lile, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akazunguka nyuma yake, taratibu kwa fimbo yake, akasimama kulia. Mpiga picha akapiga. Kwenye meza ya wageni, yule fundi wa Itigi alikuwa amesahau chakula chake, kijiko kimebaki hewani.

Asubuhi niliamka nikasikia sauti ya mama mdogo uani. Alikuwa amelala chali ili asiharibu rangi. Sasa alikuwa na gauni la kulalia na kandambili, anawamwagia kuku mtama, macho yamekolea moshi hadi kwenye nyusi.

"Nikuletee maji unawe?" nilimuuliza.

"Baadaye," akajibu, na kuendelea kuwaita kuku.