Bikira Maria Hakupaliwa

Uvumilivu uliniishia pale mzee wa kamati alipolizungushia jibu langu duara jekundu na kuniambia nimefeli. Mtihani wa ubatizo. Wa kubatizwa si mimi, ni mwanangu wa miezi saba, aliyekuwa mgongoni kwangu anatafuna kamba ya kofia yake.

"Maswali kumi, kufaulu ni kumi," alisema kwa Kiingereza chake cha Kiitaliano. "Umepata tisa, signora. Rudia mwezi ujao."

Mwezi ujao mama yangu atakuwa Morogoro. Alikuja Toronto amshike mjukuu wake wa kwanza akibatizwa Jumapili, na ndege yake ya kurudi ni Jumanne. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Sisi tunakaa Malvern, lakini misa ya Kiswahili ipo mara moja kwa mwezi, kwenye kanisa la zamani la Waitaliano, upande mwingine kabisa wa jiji. Ni kanisa zuri, sikatai. Walilijenga wenyewe, waashi waliokuja huku kuchimba mitaro na kulaza reli za tramu. Mchana kazi ya watu, jioni kazi ya kanisa. Kisima cha ubatizo ni jiwe moja la marumaru lililoletwa kwa meli kutoka kwao. Mchoraji wa dari aliwapa mitume sura za waumini: Petro ni muuza mikate, Yohane ni kinyozi. Wajukuu wao bado wanasali chini ya pua zile zile.

Sasa kamati ya historia ikaamua kwamba hakuna mtoto atakayefikishwa kwenye kisima kile kabla mzazi hajafaulu mtihani wa historia na sanaa ya kanisa. Niliomba karatasi ya Kiingereza. Wakasema kwenye fomu nimejaza lugha yangu ni Kiswahili, basi nifanye wa Kiswahili. Wameutafsiri kwa kompyuta na wanajivunia sana.

Swali la saba: picha kubwa ya darini inaonyesha nini? Nikaandika, Bikira Maria akipalizwa mbinguni. Mtoto yeyote wa Komunyo ya kwanza analijua hilo.

"Jibu ni akipaliwa," mzee alisema, kidole kwenye karatasi yake ya majibu. "Wewe umeongeza z."

"Mzee, kupaliwa ni chakula kupita njia mbaya ukakohoa. Mnasema Mama wa Mungu alipaliwa na tonge."

"Kompyuta inasema akipaliwa."

"Mimi nimezaliwa na Kiswahili."

"Na mimi nimezaliwa na Kiitaliano, na kukiandika siwezi," alisema, tena kwa upole, na huo ndio ulionitia hasira zaidi.

Nikamwita mama kutoka kwenye benchi la nyuma la kanisa aje kuwa shahidi. Aliitazama dari mpaka kilemba kikalegea. Tatizo ni kwamba Maria wa pale ameshika koo, mdomo wazi, na yule muuza mikate nyuma yake amenyanyua kiganja.

"Mwanangu," mama alisema, "huyu kapaliwa."

"Mama, wewe uko upande wa nani?"

"Wa mjukuu wangu. Lakini angalia mwenyewe, huyo Petro anataka kumpiga mgongoni."

Mzee aliuliza mama amesemaje. Sikumtafsiria. Akasema malalamiko yanapokelewa kwa maandishi, lugha yoyote. Nikageuza karatasi ya mtihani, nikaandika nyuma yake nimesimama, mtoto ananivuta nywele. Aliipiga muhuri wa kupokelewa bila kuelewa hata neno. Niliandika hivi:

Kwa Baba Paroko.

YAH: KUFELISHWA KWA KOSA LENU

Mimi ni mzazi. Nimefelishwa swali la saba kwa sababu nimeandika Kiswahili sahihi. Bikira Maria hakupaliwa, alipalizwa. Mchoraji kama alikosea mkono, hilo ni lake na Mungu, mimi halinihusu. Naomba mtoto wangu abatizwe Jumapili hii. Sitaki kurudia mtihani. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi, na naomba barua hii msiipe kompyuta. Mwiteni mama yangu awasomee. Yupo hapa mpaka Jumanne.