Kufuli Lenye Ukungu

Najua utafanya nini.

Utasoma mistari miwili, utasema "maskini," kisha kidole kitateleza kwenda kwenye video ya mtu anayekata viuno. Kugeuza uso ndiyo kazi unayoiweza. Nimekuona miaka yote hii.

Leo ngoja kidogo.

Dada yangu alikufa ameshika komeo la mlango ambao mimi nilikuwa nimeupiga picha. Na picha hiyo ilikataliwa kwa sababu eti ilikuwa na ukungu.

Dada alikuwa mshonaji kwenye kiwanda cha nguo. Ukumbi mmoja, cherehani zimebanana, mlango mmoja mbele na mmoja nyuma. Ule wa nyuma ulikuwa wa nondo, unatazamana na uchochoro. Kila asubuhi wakishaingia, msimamizi anauzungushia mnyororo na kufuli kwa nje. Eti watu wasitoroke na vitambaa.

"Kukiwaka moto je?" nilimuuliza.

"Si upo wewe, mwanasiasa wa uchochoroni? Utatufungulia kwa maneno."

Alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka.

Nikaenda ofisi ya usalama kazini. Karani wa mapokezi hata hakuinua kichwa. "Bila picha, mkaguzi hakuoni."

Enzi hizo simu zenye kamera zilikuwa za wakubwa. Mimi nilikuwa na kamera ya filamu aliyoniachia marehemu mjomba. Ukichungulia kwenye kidirisha chake, katikati unaona kitu kimoja mara mbili. Unazungusha lenzi mpaka zile taswira mbili zipandane. Zikiwa moja, umelenga. Piga.

Nikachuchumaa uchochoroni mchana kweupe. Nikapandanisha makufuli mawili yakawa moja. Nikabonyeza, nikatoka nduki.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole, wa tai na miwani. Picha yenyewe ilikuwa ndogo kama kiganja, lakini aliishika muda mrefu. Akaisogeza karibu na pua.

"Kijana, kufuli liko wapi hapa?"

"Hilo hapo mbele, mheshimiwa."

"Mimi naona ukungu. Siwezi kumfungia mtu kiwanda kwa ukungu. Peleka kamera kwa fundi anayejua kazi, kisha uniletee picha safi."

Akaitia picha kwenye droo yake. Akafunga.

"Filamu yenyewe unayo?"

"Iko nyumbani."

"Ilete nayo."

Nikaitikia, lakini moyoni nikasema utangoja sana. Mtu aliyekulia kwenye migomo hagawi filamu yake.

Fundi kamera akaweka ile filamu juu ya taa, akainamisha kioo cha kukuzia.

"Kamera haijafa," akasema. "Ina makengeza. Kidirisha kinakuambia umelenga hapa, lenzi imelenga hatua chache nyuma. Kufuli limevurugika, lakini huyu jamaa wa nyuma unaweza kuhesabu vifungo vya shati lake."

"Achana na vifungo. Mimi nataka kufuli."

"Basi niachie. Foleni ni ndefu, na hii ni kazi ya kufungua mpaka ndani."

"Fundi, watu wamefungiwa leo."

"Haya, ichokonoe mwenyewe. Ila ukiiua usiniletee maiti, mimi siuzi majeneza."

Nikaichokonoa.

Kwa bisibisi ya miwani nikafungua kifuniko, nikakuta skrubu ndogo kama punje ya mtama. Nikalenga mnara wa simu ulioko mbali kabisa, nikaigeuza kidogo kidogo mpaka minara miwili ikawa mmoja. Nikashangilia kama mjinga.

Kwa vitu vya mbali ilikaa sawa, kwa vya karibu bado. Na kufuli halikai mbali.

Nikafungua mgongo wa kamera, nikabandika utepe wa plastiki wa rangi ya maziwa pale inapolala filamu, nikaacha lenzi wazi. Nikabandika gazeti ukutani. Sasa picha inaangukia kwenye utepe, unaiona kwa macho yako, halafu unalinganisha na kinachosemwa na kidirisha. Nikigusa kijiti cha chuma kilichoko nyuma ya lenzi, kinachoendesha kidirisha, karibu kunapona, mbali kunaugua. Narudi, naenda. Mpaka kidirisha na utepe vikaacha kubishana.

Nikarudi uchochoroni.

Mlango ulikuwa umevalishwa bati. Jipya, linang'aa, limechomelewa juu mpaka chini. Mnyororo umehamishiwa ndani, na ufunguo uko mfukoni mwa msimamizi. Dada mwenyewe ndiye aliyeniambia.

Nikapiga hilo bati. Picha ilitoka safi kama wembe.

"Nzuri sana!" akasema mkaguzi. "Hongera. Sasa kufuli liko wapi?"

Moto ulianzia kwenye pasi, karibu na mlango wa mbele, muda wa chakula cha mchana. Msimamizi alikuwa ametoka. Na ufunguo.

Dada walimkuta amesimama. Waliokuwa nyuma yake walimbana kwenye bati, na vidole vyake vilikuwa bado kwenye komeo.

Unajua nani aliteuliwa kuongoza uchunguzi? Yule mpole wa tai. Akasimama mbele yetu tukiwa bado na vumbi la kaburi, akasema, "Hakuna aliyewahi kuleta ushahidi kwamba mlango ulifungwa."

Nikakimbia kwa fundi na filamu ya kwanza. Nikamwambia nataka picha ya kutosha ukuta, ukungu na uwe ukungu.

Kwenye chumba chake cha giza, karatasi ikaanza kujaa taratibu ndani ya maji ya dawa. Mbele, dude jeusi lililovurugika. Nyuma ya nondo, mle ukumbini, wanaume wawili wamekaa vitini na vikombe mkononi, wanacheka. Mmoja meneja.

Wa pili ana tai. Na miwani.

"Unamfahamu?" fundi akauliza.

"Ndiye mkaguzi," nikasema.

Kumbe hakuikataa picha kwa sababu ya kufuli lisiloonekana. Aliikataa kwa sababu yeye alionekana. Kisha akatuma bati.

Tuliibandika kila ukuta. Ikabanduliwa. Yeye akahamishiwa ofisi kubwa zaidi, na kiwanda kikafunguliwa upya.

Na wewe je? Kila ninaposimulia kisa hiki, mmoja wenu huniuliza, "Kwa nini hukuipeleka kamera kwa fundi mapema?" Watu wamekufa, wewe unajadili skrubu! Ndivyo walivyonifanyia, wakanipa kamera ya kuhangaika nayo ili nisiangalie aliyekaa nyuma ya mlango.

Usisubiri picha safi. Atakayekudai picha safi, muulize kwanza yeye alikuwa wapi.

Sasa inuka. Hapo kazini kwako kuna mlango wa nyuma. Anakofanya kazi mama yako, anakosoma mwanao, upo. Nenda sasa hivi, sio kesho. Usiuangalie. Usukume.

Usipofunguka, usiondoke hapo mpaka ufunguke.