Inswa, kasamaki, kambale

Siku ya posho, yaani Jumamosi, tarehe makumi tatu ya mwezi wa kumi na moja. Mvua ilinyesha tangu alfajiri mpaka saa mbili, kisha jua kali likatoka, na inswa, kumbikumbi wetu, wakaanza kuruka kutoka ardhini mbele ya mlango wetu hapa mtaani Bel-Air.

Naandika leo leo, kabla sijaanza kujiongezea sifa.

Kesho maji yanafungwa, hakuna kuvua tena mpaka samaki wazae. Kesho kutwa mama bukwe, mama mzazi wa bibi yangu niliyemwoa, anarudi kwake Kamina. Siku aliyofika, mimi na kinywa changu tulimwahidi kwamba hatarudi bila kula kambale niliyemvua mwenyewe. Posho tatu nilienda ku barrage, lile bwawa lenye mlinzi, posho tatu nikarudi na ndoo ya maji matupu. Mimi ni fundi wa kushona, kule mtaa wa Kamalondo. Shule niliachia darasa la sita, na kuvua nilijifunza kwa kuangalia migongo ya wengine.

Mara zote tatu chambo changu kilikuwa matumbo ya kuku. Nilisikia kwamba kambale anapenda kinachonuka, basi nikayaweka juani siku mbili. Yalinuka mpaka bibi yangu akahamisha babula, jiko lake la makaa, upande wa pili wa nyumba. Kaa wa barrage waliyafurahia. Kambale, hapana.

Leo asubuhi jirani yetu, mzee aliyefanya kazi ya reli, akaniita kwenye ukuta. Ndoo yake ilijaa tusamaki tuzima, samaki wadogo aliowavua mtoni kwa mosikitere, chandarua cha mbu.

— Kamata, fundi. Kambale akiona hii atakuita baba.

— Lakini mzee, ku barrage banakataza.

Ni kweli. Pale mlangoni kuna bati imeandikwa kwa rangi: samaki wa chambo avuliwe kwa ndoano, humu humu; wa maji mengine, hapana; mosikitere, hapana.

— Basi leo utamupikia bukwe yako ile bati!

Nilicheka naye, lakini ndoo yake sikuipokea. Kwa haki niseme, mzee alinitakia mema. Na sijui kama nilikataa kwa uaminifu ao kwa kuogopa mlinzi. Labda nusu kwa nusu.

Mama bukwe alikuwa amekaa na beseni, anatoa inswa mabawa. Nikamwomba ngumi moja tu ya inswa, nikafanye chambo.

— Eh, bukwe yangu! Samaki bakule inswa, na mie nikule nini?

— Utakula samaki, mama.

— Ile ya posho iliyopita?

Bibi yangu alicheka mpaka akaegemea mlango. Lakini mama bukwe alinipa ngumi moja, akaongeza ya pili.

Ku barrage mlinzi alichungulia ndoo yangu. Nikamuuliza kama inswa nao wana sheria.

— Inswa inaanguka yenyewe mu maji. Nani ataikataza?

Nikafunga inswa sita kwa uzi wa kushonea kwenye ndoano kubwa, nikatupa. Kabla sijakaa, tusamaki tukawadonoa wote. Nikafunga wengine, tusamaki tukawadonoa tena. Nikawaza: hata watoto wa samaki wananicheka. Nilikaa na hasira yangu muda mrefu, maana mimi akili inakuja kwa miguu. Kisha ikafika. Hawa wanaodonoa ni wa maji haya haya, na ndoano ndogo ninayo!

Inswa mmoja, ndoano ndogo, na hapo hapo nikatoa kasamaki kenye urefu wa kidole. Nikamwita mlinzi akaone.

— Fundi, unataka nikaandikie pasipoti? Kasamaki kako ni ketu, ka humu humu. Fanya kazi!

Nikakaweka kwenye ndoano kubwa, nikakashusha pembeni ya majani, pale maji ya mvua yalipoingia mekundu. Nilihesabu Salamu Maria. Ya nne sikuimaliza. Uzi ulikwenda, fimbo ikapinda, na mimi, mtu wa kukaa nyuma ya mashini, nikaingia majini mpaka magoti na viatu vyangu. Alivuta, nikavuta. Alipotoa kichwa kipana na ndevu zake, nilipiga kelele kama mwenye kufunga goli. Kwa haki tena: kumpandisha juu alisaidia mlinzi, kwa gunia. Nilimpima kwa mita yangu ya kushonea ili nisije kudanganya: sentimita sitini na mbili.

Nyumbani nilipita polepole sana mbele ya mzee wa reli.

— Ulitumia mosikitere ya nani? akauliza.

— Inswa ya mama bukwe!

Mama bukwe alipiga vigelegele mpaka watu wakatoka nje. Akamshika kambale ndevu, akaniangalia.

— Bukwe, nilikutania kwa sababu nilikuwa nakuamini.

Sina hakika kama ni kweli. Niliichukua hivyo hivyo.

Jioni tulikula bukari, ugali wetu, kambale kwa nyanya na vitunguu, mchicha wa lenga-lenga, na inswa waliobaki, wakavu na chumvi. Kichwa kilikuwa cha mama bukwe, na alikinyonya mpaka mfupa wa mwisho. Kipande cha mkia tulimpelekea mzee wa reli. Alirudisha sahani tupu, imeoshwa.