Bomba la Moshi Lenye Vishikio

Mwaka uliofuata ule wa michezo ya Olimpiki ya Beijing nilikuwa na shahada ya uhandisi mitambo, godoro jembamba, na woga wa kuwatosha watu sita. Godoro lilikuwa kwenye stoo ya mama mmoja wa Mwanza, aliyepika chakula cha wafanyabiashara wa kwetu ndani ya fleti yake, ghorofa ya tatu, pale Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini Guangzhou. Tulimwita Mama tu, hata wale waliomzidi umri. Nililala kati ya magunia ya mchele na maboksi ya watu waliosubiri kontena lijae, na kwa malipo ya usingizi huo nilimenya vitunguu.

Woga wangu ulikuwa na sababu, ingawa haukuwa na kipimo. Askari walikuwa wakisimama kila siku kwenye daraja la waenda kwa miguu, mwisho wa mtaa wetu, wakiuliza pasipoti. Jioni mezani mtu alikuwa anapungua. Pasipoti yangu ilikuwa uhamiaji, ikingoja kuongezewa muda, na mkononi nilikuwa na risiti yenye picha yangu na mhuri mwekundu. Risiti ilikuwa halali. Nilijua ni halali kwa sababu nilikuwa nimeisoma, kwa Kichina, mara thelathini, na kuitolea kopi kumi na moja. Lakini je, askari akiwa amesahau miwani? Je, mvua ikinyesha na mhuri ukachuja? Je, picha ikaonekana si mimi, maana siku ya kupigwa picha nilikuwa nimenyoa? Kwa maswali hayo nilikaa ndani siku nane bila kugusa ngazi.

Katika siku hizo nane Mama akabadilisha jiko. La zamani lilikuwa dogo la nyumbani, la plati mbili. Jipya alilinunua kwa mtu aliyefunga mgahawa wake: jiko kubwa la gesi, lenye kofia ya bati juu na feni ndani ya kofia inayovuta moshi. Tatizo ni kwamba tundu la kofia lilikuwa duara, upana wa sinia, na tundu la ukutani, lililokuwa la feni ya zamani, lilikuwa mstatili. Kati ya hayo mawili hapakuwa na kitu. Moshi wa samaki wa Mama, sato, ulitoka kwenye kofia, ukazunguka jikoni, ukatokea dirishani, ukapanda moja kwa moja kwa mama wa Kichina wa ghorofa ya nne, aliyeanika mashuka yake kwenye fito nje ya dirisha.

Mwenye nyumba alikuja Jumatatu. Alikuwa mzee mtaratibu, na utaratibu wake ulitutisha kuliko kelele.

"Mpaka Jumamosi adhuhuri," alisema. "Yule wa juu asipoweza kuanika nguo, ataita polisi. Polisi wakija watataka karatasi za kila mtu anayelala humu, na faini watanipiga mimi. Afadhali mhame. Ukuta msibomoe."

Alipoondoka, Mama alinigeukia.

"Injinia. Si ulisomea mabomba?"

"Nilisomea mwendo wa vimiminika na gesi, Mama."

"Moshi si gesi?"

"Kwa kiasi fulani ni gesi, lakini una chembechembe za mafuta, kwa hiyo ukitazama kwa..."

"Basi. Tengeneza."

Naomba nieleweke: kuunganisha duara na mstatili kwa bati ni jambo zuri sana la jiometri. Mdomo mmoja ni mviringo, mwingine una pembe nne, na bati linalotoka huku kwenda kule lazima likunjwe taratibu, kama kitambaa kinachofunika bakuli lililowekwa juu ya kitabu. Nilikuwa nimengoja miaka minne mtu aniulize jambo hilo. Nikafanya hesabu siku mbili. Nikatoa kurasa kumi na moja za michoro, vipimo vya milimita vikiwa na desimali tatu, kana kwamba sato wangekataa kuiva tukikosea unywele.

Fundi bati alikuwa mitaa miwili kutoka kwetu, ng'ambo ya daraja.

"Kwa nini usiende mwenyewe?" Mama aliuliza. "Ni dakika kumi."

"Mhandisi haendi karakana, Mama. Anatuma michoro."

Hakucheka mbele yangu. Alikwenda jikoni kucheka. Kisha akachukua pochi yake, yenye pasipoti yenye viza isiyo na doa, akaenda yeye. Alirudi na kurasa zangu, ya saba ikiwa na alama ya mviringo ya glasi ya chai.

"Laoban hasomi hivi," alisema. Laoban ni bosi. Mji ule kila mwenye duka au nyundo ni laoban. "Anasema apelekewe sampuli."

Hilo nilipaswa kulijua. Guangzhou nzima inaishi kwa sampuli. Unapeleka kiatu kimoja, wanakutengenezea elfu. Basi nikatwaa boksi gumu la soksi kule stoo, nikalikata, nikalikunja, nikaligundisha kwa gundi ya karatasi mpaka nikapata bomba zima la boksi, saizi yenyewe. Nilifikiria kila kitu. Nilifikiria unene wa bati na unene wa boksi, nikatoa tofauti. Nilifikiria mkunjo wa kiungo uelekee wapi ili mafuta yasivuje. Nikaandika maelezo ubavuni kwa Kichina, mwandiko mzuri, mshale huku na mshale kule. Usiku nikalikalia kwa bahati mbaya, likabonyea upande mmoja, nikalisukuma kwa ndani likarudi karibu lote. Alhamisi asubuhi Mama akalibeba kama mtoto mchanga, akaenda.

Alirudi saa tisa, na bomba la bati likiwa begani kwa mchukuzi. Lilikuwa zuri. Sijawahi kuona kitu kilichotoka kichwani mwangu kikiwa kizuri namna ile. Bati la zinki liling'aa, kiungo kimenyooka, mdomo wa duara umekunjwa ukingo. Nikalizungusha nilifurahie upande wa pili, nikaona matundu mawili. Moja kulia, moja kushoto, marefu kidogo, mviringo mwishoni, upana wa vidole vinne.

"Mama, haya ni nini?"

"Matundu."

"Ya nini?"

"Unaniuliza mimi? Si yalikuwa kwenye la kwako?"

Yalikuwepo. Yalikuwa matundu ya kushikia boksi. Kila boksi la soksi duniani lina matundu ya kushikia, na mimi, niliyefikiria hata unene wa boksi, sikuyaona.

"Hata laoban aliuliza," Mama aliendelea, sasa akiwa na mashaka. "Alikuwa anayanyooshea kidole, anatikisa kichwa, anataka kuyaruka. Nikajua huyu ananipunja. Miaka kumi nanunua mzigo mji huu, unampa mtu sampuli ya shati la mifuko miwili, anakuletea mfuko mmoja. Nikasimama mbele yake. Nikamwambia yiyang! Sawasawa na hili! Akakata. Tena nikamwambia akunje kingo zake, zisimkate mtu."

Alikuwa amezikunja. Nilipitisha vidole, palikuwa laini kabisa.

"Na hapa?" niliuliza, kwa sauti ndogo, kwa sababu ubavuni palikuwa na kibonyeo.

"Hapo alipiga robo saa na nyundo ya mbao. Nilimsimamia."

Fundi alikuwa ametengeneza, kwa ustadi wa miaka arobaini, alama ya makalio yangu.

Nilisema tutaziba matundu kwa mkanda wa kunata, ule wa rangi ya fedha. Niliziba kwa tabaka tatu. Tukalipandisha bomba, na kwa sababu ya kibonyeo halikukaa vizuri ukutani, nikasema ni jambo dogo. Mama akawasha jiko, akatia mafuta, akatia sato wawili. Kwa dakika nne nilikuwa mhandisi. Ya tano, mkanda wa kulia ulilegea kwa joto, ukaning'inia, ukaanguka ndani ya karai. Wa kushoto ukafuata. Moshi ukatoka kwenye matundu yale mawili kama mzee anayevuta sigara kwa pua. Juu yetu dirisha lilifungwa kwa kishindo.

Mama alizima gesi. Aliitoa mikanda ile kwa mwiko, akaitazama, akaitupa.

"Kesho utakwenda wewe," alisema.

"Mama, risiti yangu..."

"Nikienda mimi linarudi na matundu." Hakupandisha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Niliuza vitenge nikafilisika. Nikauza simu nikafilisika. Jiko hili ndilo lililobaki, na watoto wangu watatu wanasoma kwa jiko hili. Wewe unaogopa daraja, sawa. Mimi naogopa Jumamosi."

Ijumaa nilitoka. Nilivaa shati la chuo, ili nionekane msomi, kisha nikavaa koti juu yake, ili nisionekane najionyesha. Risiti mfuko wa kifua, kopi tano mfuko wa kulia, tano wa kushoto, moja ndani ya soksi. Nilikuwa nimetunga hotuba ya kumweleza askari, yenye utangulizi. Bomba nililibeba begani, na lazima nikiri kwamba vile vishikio vilisaidia sana. Bila vile lingeteleza.

Darajani walikuwepo askari wawili. Mbele yangu alikuwa kijana wa kwetu, au wa jirani na kwetu, mwenye mfuko wa viatu vya kike. Walimwomba pasipoti. Alijipapasa mifuko, akatabasamu, akajipapasa tena. Mmoja wa askari akamshika mkono wa juu, si kwa nguvu, akamwongoza chini kwenye gari dogo lililokuwa limeegeshwa. Yule kijana alinitazama mara moja. Sikufanya kitu. Ningeweza kusema nilikuwa nimebeba bomba, lakini hata bila bomba nisingefanya kitu. Katika mambo yote ya wiki ile ninayoyacheka, hilo silicheki.

Askari aliyebaki, kijana kuliko mimi, akanyoosha mkono. Nikampa risiti. Aliisoma kwa sekunde labda sita. Siku nane nilizokaa ndani zililipiwa kwa sekunde sita.

"Hiki ni nini?" aliuliza, akigonga bati.

Nikaanza hotuba. Nilianza na jiko la zamani, nikaenda kwenye feni, nikaeleza tofauti ya duara na mstatili, nikafika kwenye mafuta na mwelekeo wa mkunjo. Nadhani nilitaja shahada yangu. Nyuma yangu watu walisongamana, mwanamke mmoja mwenye mkokoteni akapiga kelele.

"Nenda, nenda," askari alisema. "Unaziba njia."

Fundi alikuwa mzee mfupi mwenye penseli sikioni, ameketi kwenye stuli ya plastiki katikati ya mabati. Aliliona bomba kabla hajaniona mimi, akaanza kucheka, akaita jirani yake aje kuliona.

"Vishikio vina kazi gani?" aliniuliza.

"Hakuna. Lilikuwa boksi."

"Nilimwambia yule dada mkubwa. Nilimwambia mara tatu! Ana sauti kama ya mke wangu." Akageuza bomba. "Na hapa, palipobonyea? Nikafikiri pana nguzo."

"Nilikalia."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniuliza yule aliyechora karatasi nyingi ni nani. Nikasema ni mimi. Nimesoma wapi? Nikasema hapa hapa mjini, chuo kikuu. Akatikisa kichwa kwa heshima ambayo sikuipenda.

"Hesabu zilikuwa sahihi," alisema. "Nilizitazama nikinywa chai. Lakini mtu akiwa na tundu la ukutani, mimi huenda kulitazama tundu. Nachukua ufito, naweka alama mbili, nakuja kukata. Mitaa miwili tu. Kwa nini hukuja kunichukua?"

Kichina changu kilikuwa kizuri. Nilikuwa na maneno yote ya kumjibu, nikamsogezea bomba tu. Yeye akaanza kazi. Alikata vipande viwili vya bati, akavipiga ribiti, misumari mifupi ya kubana bati, juu ya matundu, nane kila upande, akavisiliba kingo kwa risasi ya kuunganishia. Kibonyeo alikinyoosha kwa mapigo matatu. Kukitengeneza jana yake kulikuwa kumemchukua robo saa. Alipomaliza akachukua ufito wake na begi, akatangulia kutoka.

"Twende," alisema. "Nataka kuliona hilo tundu."

Jumamosi, kabla ya adhuhuri, mwenye nyumba alifika. Bomba lilikuwa limekaa ukutani kana kwamba limezaliwa pale. Fundi alikuwa amelifunga mwenyewe jana yake, mimi nikimshikia ngazi na kumpa ushauri ambao hakuuomba. Mama alikuwa amevaa gauni la kanisani chini ya aproni. Aliwasha jiko, akawasha feni, akatia sato wanne kwa mpigo, wengi kuliko ilivyohitajika.

Mwenye nyumba alitoa karatasi laini mfukoni, akaipeleka chini ya kofia, akaiachia. Karatasi ikavutwa na feni, ikarukia bati, ikaganda. Akaitazama. Akatoka, tukasikia viatu vyake vikipanda ngazi.

Halafu tukasikia sauti juu ya dari: ya mwanamke kwanza, ndefu, halafu ya kwake, fupi. Kiti kikaburuzwa. Dirisha likafunguliwa. Mama aligeuza samaki mmoja mmoja, polepole, bila kuinua macho, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika aproni kwa nguvu mpaka kitambaa kikakunjamana. Nilitaka kumwambia jambo la kumtuliza, lakini kichwani nilikuwa na takwimu za ribiti tu, nikanyamaza. Kwangu hiyo ilikuwa kazi kubwa.

Mzee alishuka. Alisimama mlangoni.

"Anasema ataanika," alisema. "Kaeni."

Mama aliachia aproni. "Xiexie," alimwambia, kisha akarudia asante kwa Kiswahili, kisha akamvutia kiti mezani na kumwonyesha kwa mkono akae. Akakaa.

Ndipo nikaona wakati wangu umefika. Nikaanza kueleza kwamba mafuta yataganda ndani ya bomba, kwamba kila mwezi lazima lisafishwe, kwamba ribiti zile, kwa joto la muda mrefu, huenda...

"Injinia," Mama alisema. "Leta sahani."