Eyo Iliyokaribia Kuua Mtu

Mwanangu, iko siku moja ambayo kila nikiikumbuka viganja hutoka jasho, hata sasa nikiwa nimekaa hapa Kikula, mtaani kwetu Likasi, na kikombe changu cha chai. Sikuwahi kukuhadithia. Leo nakuhadithia kwa sababu wiki nzima nimekuona na simu mkononi, ukijifunza Kihispania kwa ajili ya ile kazi ya kutunza wazee huko Uhispania. Unaandika vizuri, na maneno unayajua kunishinda mimi. Lakini jana yule mama wa huko mwenye kazi alipokupigia nilikuwa sebuleni. Alisema karibu dakika tano, nawe ukawa unajibu tu ndiyo, ndiyo: "Sí, sí, sí." Ulipokata simu nikakuuliza amesema nini, ukacheka. Mimi sikucheka. Niliogopa.

Hiyo "sí, sí" yako naijua, maana niliwahi kuwa bingwa wake.

Nilikuwa na miaka thelathini na tano, fundi mitambo, baba wa watoto watatu. Parokiani kwetu kulikuwa na mtawa Mhispania, Sista Pilar, aliyetufundisha lugha yake kila Jumamosi. Wengine waliacha, mimi nikaendelea. Baada ya miaka miwili akanipandisha kundi la pili, la wale ambao si wageni tena wa lugha lakini bado hawajawa wenyeji. Nilikuwa na daftari la vitenzi lililonyooka mistari, nikalifunika kwa gazeti lisichafuke. Ukinipa karatasi, nilimshinda kila mtu. Ukinipa mtu wa kuzungumza naye, nilitafuta mlango.

Basi kiwanda tulichofanyia kazi kikaleta fundi kutoka Peru, aje kufunga matangi mapya ya kuchanganyia matope ya madini. Jina lake Don Anselmo, mtu mfupi, mwenye haraka na maneno mengi. Wakubwa wakauliza nani anajua Kihispania. Wenzangu wakataja jina langu, nami kwa kupenda sifa nikasimama. Kuanzia siku hiyo nikawa mkalimani.

Kila asubuhi Don Anselmo alinisalimu, akaniuliza habari za watoto, za mvua, za usingizi. Nilikuwa na sentensi tatu nilizozitayarisha nyumbani. Zikiisha, najifanya nimesahau spana mahali. Mchana aliniita tule pamoja, nami nabeba bukari yangu, ugali wetu wa huku, nakwenda kuila nyuma ya stoo kama mwizi. Nilikuwa naogopa kukosea, mwanangu, hakuna sababu nyingine. Unajua tulivyolelewa. Mtoto hamwambii mkubwa kwamba hajaelewa, maana ni kama kumwambia hajui kusema. Mkubwa akiuliza kama umesikia, unajibu, "Eyo, papa," yaani ndiyo, baba, kisha unakwenda kubahatisha. Na shuleni, ukikosea Kifaransa mara moja, darasa lilikucheka mpaka Krismasi. Kwa hiyo ile eyo yetu ya heshima niliichukua nikaivalisha nguo za Kihispania. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimejifunika gubigubi.

Ikafika siku hiyo. Ilikuwa asubuhi ya mvua nyembamba. Tangi moja lilikuwa limezimwa kwa sababu mapanga yake ya ndani, yale yanayozunguka kuchanganya matope, yalikuwa yakikwaruza ukuta. Don Anselmo alinijia mbiombio akanipa sentensi moja ndefu. Alionyesha tangi, akaonyesha swichi, akajigusa kifua. Nilishika neno "tangi" na neno "baadaye". Mengine yalinipita. Akaniuliza kama nimeelewa.

"Sí, sí," nikasema.

Akanigonga bega kwa furaha akaenda zake, nami nikaenda kutafuta grisi.

Haikupita nusu saa, shefu wa ekipe yetu, mkuu wa kikundi chetu, akaja. "Muzungu yako anasema nini? Tuwashe?"

Watu kama kumi walinigeukia. Hapo ndipo ningesema sijui. Ni neno dogo tu, na lilifika hadi kooni. Lakini nilifikiria nyuso zile kumi, nikamfikiria mkalimani asiyejua alichoambiwa, nikaona aibu itanimaliza.

"Eyo, shefu," nikasema. "Tuwashe."

Kiwandani kwetu king'ora hulia kwanza kabla ya mashine kuwashwa, ili aliye karibu ajitoe. Kikalia. Aliyesimama kwenye swichi alikuwa Papa Kabamba, mzee aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu. Kihispania hakujua hata salamu. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe, lakini nikamwona anageuza shingo kulitazama tangi, kama mtu anavyotazama nyuma ya mlango kabla ya kuufunga. Pembeni ya mlango wa tangi kulikuwa na koti la mvua, limekunjwa vizuri.

"Koti ile ni ya nani?" akauliza.

King'ora kikanyamaza, na katika ule ukimya tukasikia chuma kikigonga chuma. Ko, ko, ko, ko. Kilitoka ndani ya tangi.

Mwanangu, woga ule sina pa kuulinganisha. Don Anselmo alikuwa mle ndani gizani, katikati ya mapanga, amesikia king'ora kikilia juu yake, anagonga ukuta kwa spana ili tujue yupo. Papa Kabamba alikata umeme wote, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni na kuushikilia humohumo. Na hapo, kwa kuchelewa, ile sentensi ndefu ikanifungukia yote: Naingia ndani, weka kufuli kwenye swichi, msiwashe mpaka baadaye, nikishatoka. Kila neno lililokuwemo nililijua. Yote yalikuwamo kwenye daftari langu.

Walimtoa. Alikaa chini kwenye tope, uso umekuwa wa majivu, akanitazama mara moja tu.

Papa Kabamba alinivuta kando. Hakupaza sauti, na hilo liliniumiza zaidi.

"Floribert, weye ulisikia byenye alikuambia?"

"Apana, papa."

"Na juu ya nini ulisema eyo?"

"Nilisikia nsoni, papa." Ndiyo aibu yenyewe.

Mkono wake ulikuwa bado mfukoni, juu ya ule ufunguo. "Nsoni yako na roho ya muntu, njo kintu kimoya? Eyo ya heshima tunaisemaka ku nyumba, mbele ya bazazi betu. Huku, kama hausikie, sema hausikie. Batakucheka? Bacheke. Kucheka haiuake muntu. Kesho utaenda kukula naye, utamuambia kweli."

Nilitaka kuacha kazi, niache na Kihispania chenyewe. Lakini mzee alikuwa amenituma. Kesho yake mchana nikabeba bukari yangu, nikaketi mbele ya Don Anselmo. Nikamwambia kwa Kihispania changu kilichovunjika kwamba jana sikuelewa kitu, na kwamba nilidanganya. Sarufi ilikuwa mbovu, Sista Pilar angefunga masikio.

Alisukuma sahani yake kando. Kisha akaanza kusema, taratibu, akisaidia kwa vidole. Alisema aliyaona macho yangu jana, aliona hayakuelewa, akaondoka kwa sababu alikuwa na haraka. Alisema yeye pia tangu afike Likasi amejifunza neno moja tu, eyo, na kutwa humjibu kila mtu kwa hilo bila kuelewa hata kidogo. Hakucheka aliposema hivyo, nami sikucheka. Baadaye tu ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimemwelewa tangu mwanzo mpaka mwisho.

Tukapatana jambo moja: hakuna kuachana mpaka msikiaji amerudisha kwa maneno yake mwenyewe alichosikia. Tukawa tunakula pamoja kila siku. Nilimsimulia jino la mtoto lililong'oka, mama mkwe wangu na kuku wake, panya wa dari yetu. Nilikosea, akanisahihisha, nikarudia, nikakosea kwingine. Daftari likabaki nyumbani. Mvua zilipokatika tulikuwa tunagombana kuhusu mpira. Lakini nisikudanganye: tangu siku ile hakuingia tena kwenye tangi bila kufunga kufuli kwa mkono wake na kuning'iniza ufunguo shingoni. Alinipenda, ila roho yake hakuniachia tena. Alikuwa na haki.

Sasa nikutazame wewe. Huko uendako utakabidhiwa mzee wa watu. Watakuambia dawa ipi, saa ngapi, chakula gani kinamdhuru, mlango upi usiachwe wazi. Ukijibu "sí, sí" kwa aibu, mwanangu, hakutakuwa na Papa Kabamba wa kugeuza shingo. Hilo ndilo linaloninyima raha tangu jana. Kwa hiyo mpigie yule mama leo, mwambie hukuelewa, mwombe aseme polepole. Kila siku zungumza na mtu mwenye pumzi, si simu peke yake. Zungumza vibaya, cheka, rudia. Kuuliza si ujinga. Na usiondoke mbele ya mtu mpaka umemrudishia alichosema kwa maneno yako.

Njoo karibu nikuwekee mkono. Mungu wa bibi zako akufungue masikio kabla hajakufungua kinywa. Akupe watu wenye subira, akuepushe na aibu inayoua. Uende mzima, urudi mzima, na yule utakayemlinda awe mzima mikononi mwako.

Naona unataka kuniitikia. Usiniambie "Eyo, papa." Niambie kwanza, kwa maneno yako: nimesema nini?