Kuku Aliyeondoka na Mgeni Rasmi

Siku ya kwanza kuripoti kazini, katika shule ya msingi upande wa Hirbadaw, nilimuuliza Mwalimu Mkuu uwanja wa michezo uko wapi. Nilikuwa nimetoka chuoni, filimbi mpya shingoni. Akanyoosha kidole barabarani.

"Pale. Lori likija, watoto wanapisha."

Nilidhani ananitania. Hakuwa akitania. Shule ilikuwa na eneo nyuma ya madarasa, lakini lilikuwa mteremko mtupu wenye vichuguu na mawe, mpira ukidondoka unaufuata bondeni. Basi nikafundisha michezo kando ya barabara ya malori ya ngano, jicho moja kwa watoto na jingine kwenye vumbi. Msimu mmoja wa mavuno lori likamgonga Neema, mjukuu wa mjane tuliyemwita Ama Yustina. Ama ni bibi kwa Kiiraqw. Mtoto alipona, lakini mguu wake haukurudi kuwa kama zamani. Nikaapa kwamba uwanja utapatikana kabla hatujazika mtoto.

Ninyi walimu wa leo mnachangisha kwa simu. Sisi tulifanya harambee. Kamati ya shule inatangaza kanisani na mnadani, wazazi wanaleta mahindi, vitunguu, mbuzi, kisha vinanadiwa. Na kuna utaratibu ambao kila mtu wa huku anaujua tangu utoto: ukinunua kitu unalipa papo hapo, kisha unasema, "Narudisha," na kinanadiwa upya. Kwa njia hiyo kuku mmoja anaweza kufanya kazi ya ng'ombe. Anayeondoka naye ni yule wa mwisho, aliyewashinda wote.

Ama Yustina alileta mtetea mwekundu aliyekuwa akitaga. Hakuwa na mwingine. Fundi baiskeli akamnunua, akamrudisha. Walimu tukamnunua, tukamrudisha. Kwaya nayo vilevile, na kina mama wakipiga vigelegele. Ndipo akasimama mgeni rasmi, mheshimiwa mmoja kutoka mjini.

"Kuku huyu ni wangu!" akasema. "Nitaleta greda isawazishe uwanja wote!"

Watu walishangilia mpaka wakasahau kuchangia. Nani atoe debe la mahindi wakati greda inakuja? Dereva wake akamfunga kuku miguu, akamtia garini, wakaondoka.

Greda haikuja. Nilikwenda mjini Katesh mara nyingi mpaka mhudumu wa ofisi ya mheshimiwa akawa ananikwepa. Nikamwendea mkubwa wangu, Afisa Elimu Kata.

"Mwalimu," akasema bila kuinua macho, "mgeni rasmi hadaiwi."

"Lakini mkuu, kuku wa watu ameondoka naye."

"Kwa hiyo nimwandikie mheshimiwa habari za kuku? Acha utoto."

Nilitoka na hasira, na hasira hiyo ninayo hadi leo, wala siionei aibu. Mnyonge akiondoka na kuku wa mtu anafukuzwa na kijiji kizima. Mkubwa akiondoka naye anasindikizwa kwa makofi!

Tukasawazisha wenyewe. Wazazi walileta ng'ombe na plau, wakavunja vichuguu, wakafukia mashimo, kisha tukaburuza gogo zito kulainisha udongo. Magoli tulitengeneza kwa mikaratusi. Kazi ilikula kiangazi kizima. Ilipokamilika, Afisa Elimu Kata akaja na agizo: uwanja utafunguliwa na mheshimiwa yuleyule, na kibao chenye jina lake kimeshaandikwa. Nilipinga mbele ya kamati nzima. Akaniambia niketi.

Siku ya ufunguzi mheshimiwa alipita akisalimia wazee waliokaa mstari wa mbele. Alipofika kwa Ama Yustina akainama kwa adabu, maana mpiga picha alikuwapo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kuku wangu hajambo?"

Mheshimiwa akacheka peke yake. "Kuku gani, bibi?"

"Yule mwekundu. Alikuwa anataga. Nilifikiri umekuja naye, maana greda sijaiona."

Kina mama wakapiga vigelegele kuliko siku ya harambee. Utepe ulikatwa haraka haraka, na hotuba haikusomwa.

Kabla muhula haujaisha nilihamishiwa Dongobesh. Nikaambiwa nilimfundisha bibi maneno ya kusema. Uongo mtupu! Ama Yustina hakuhitaji mwalimu. Dongobesh nilifundisha mpaka nikastaafu, bila kupandishwa cheo, na sasa nalima vitunguu saumu. Walimu vijana wakinialika kwenye kamati zao nawauliza jambo moja tu: huyo mgeni rasmi ametoa, au atatoa?

Hivi karibuni nilipita shule ile. Ama Yustina alishatutoka. Kibao kipo, kimepakwa rangi upya, kwa fedha za nani sijui. Nikawauliza watoto waliokuwa wakicheza uwanja huu unaitwaje.

"Kwa Ama Yustina," wakajibu, wakakimbilia mpira wao. Kule barabarani lori la ngano likapita kwa kasi, na hapakuwa na mtoto wa kupisha.